Kusoma kitabu cha Gerhard Richter bila kujua Kijerumani

Mimi mchora mabango, Mwanjelwa, Mbeya. Kitabu changu cha picha za Richter, mchoraji wa Ujerumani, nilikiokota kwenye mitumba ya vitabu: kizito kama tofali, Kijerumani mwanzo mwisho.

Maelezo marefu yaache. Anza na maandishi madogo chini ya picha. "Öl auf Leinwand" ni rangi ya mafuta juu ya turubai. Namba zinazofuata ni sentimita, kimo kwanza, kisha upana. Chukua futikamba na chaki, uchore kipimo hicho ukutani, maana kitabuni kila picha inatosha kwenye mapaja. Betty ya 1988, binti wa Richter aliyetupa kisogo, ni 102 kwa 72. Dirisha la kawaida tu. Lakini 4096 Farben (yaani Rangi 4096) ya 1974, miraba ya rangi mitupu, ni 254 kwa 254. Kibandani kwangu haipiti mlangoni.

Halafu fuata miaka. Richter alizaliwa Dresden, mashariki mwa Ujerumani, 1932, akahamia Ujerumani Magharibi 1961, miezi michache kabla ukuta wa Berlin haujajengwa. Namba moja kwenye orodha ya kazi zake ni meza ya 1962; alizochora Ujerumani Mashariki hakuzipa namba.

Ukifika 1965, kaa hapo. Weka vijiti kwenye kurasa mbili: Onkel Rudi na Tante Marianne. Kwetu hao ni mjomba na mama mdogo, wote wa tumbo moja na mama yake. Mjomba anatabasamu ndani ya koti la jeshi la Hitler. Mama mdogo pichani bado ni binti mdogo, na kichanga kilicho mbele yake ni Richter mwenyewe. Baadaye mama mdogo huyo aliugua akili, na utawala ule ule ukamuua. Funua huyu, rudi kwa yule. Mimi jioni nzima iliniishia hapo.

Ule ukungu Richter aliouweka juu ya sura zao ujaribu kwa mkono. Nakili picha kwa rangi ya kijivu, na kabla haijakauka pitisha brashi laini, kavu, upande mmoja, kama unapangusa vumbi. Futa brashi kwa kitambaa kila ukipitisha, la sivyo nyeusi itachafua nyeupe. Juni na Julai ndiyo nzuri: baridi ya Mbeya inachelewesha rangi kukauka.

Ila usijaribie bango la mtu. Mimi nilijaribia la kinyozi. Akasema kichwa kinaonekana kimemwagiwa maji, nikarudia nywele zote bure.