Gitaa la nyuzi 12, usilivute mpaka E

Wale mnaochonga gitaa la nyuzi 12 wenyewe hapa Dar, msilivute (yaani msikaze nyuzi) mpaka sauti ya E kama la nyuzi 6. Nyuzi 12 zinavuta balaa, mi la kwanza briji (kile kipande cha juu ya boksi kinachoshika nyuzi) ilianza kunyanyuka ndani ya wiki mbili na joto hili gundi nayo inalegea, ukilisahau kwenye gari juani ndo basi tena. Siku hizi natyuni D, toni moja chini, nikitaka E naweka kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) freti ya pili, ule mstari wa pili wa chuma, kwisha. Shingoni lazima uweke chuma isipinde, kabla hujabandika ubao wa mpingo wa kubonyezea vidole. Na mninga ukitoka nao Keko usiupasue hapohapo, uache ndani kwanza uzoee unyevu wa kwako.