Jinsi ya kuandika mfuatano usio na "pilipili"

Pilipili, polepole, sawasawa: kipande kimoja kimeandikwa mara mbili mfululizo. Hata "baba" ni ba na ba. Mwaka 1906 mwanahisabati Axel Thue wa Norwe alionyesha kwamba, kwa herufi tatu tu, unaweza kuandika bila kikomo na pilipili isitokee hata mara moja.

Kwa herufi mbili usijisumbue. Andika aba. Ukiongeza a umepata aa. Ukiongeza b ni abab. Umeshakwama.

Kwa tatu, mimi hutumia daftari la miraba. Kwenye karatasi tupu niliwahi kuruka tarakimu moja, jioni nzima ikaishia kutafuta kosa. Andika 0. Kila mstari unaofuata, geuza 0 kuwa 01 na 1 kuwa 10:

0
01
0110
01101001
0110100110010110

Usishtuke kuona 11 humo. Hii ni malighafi tu. Sasa hesabu kuna 1 ngapi kati ya kila 0 na 0 inayoifuata: 2, 1, 0, 2, 0, 1, 2. Hizo 0, 1 na 2 ndizo herufi zako tatu. (Sufuri mbili zikigusana, andika 0. Hapa ndipo wengi huteleza.) Mstari mmoja zaidi unakupa 210201210120210.

Kagua kwa kidole: kwanza herufi moja na jirani yake, kisha vipande vya mbilimbili, vya tatutatu, hadi vya saba. Wavivu huishia mbili. Abcabc ingewapita hivihivi.