Somo: Baiskeli katika bonde la Oisans, na kwa nini Alpe d'Huez isiwe ya kwanza

Wadau, salaam. Wengi mnaniuliza kuhusu Alpe d'Huez, mpando maarufu wa mashindano ya baiskeli ya Tour de France, kana kwamba ni mlima uliosimama peke yake. Ni barabara moja tu kati ya nyingi za bonde la Oisans, kusini-mashariki mwa Ufaransa, kilomita 50 hivi kutoka Grenoble. Chini kuna mji mdogo wa Le Bourg-d'Oisans, mita 720 juu ya usawa wa bahari, na kila upande ukiinua macho unakuta ukuta wa mwamba. Mimi mara ya kwanza nilifika saa nane mchana, nikakodi baiskeli, nikaivamia Alpe siku hiyohiyo kwa andazi moja tumboni. Nilikata moto katikati, nikakaa kwenye ukingo wa barabara kizunguzungu kikinizunguka, huku bibi mmoja wa makamo akinipita polepole na kunisalimia, "Bonjour." Basi huu ndio mpangilio ambao ningependa mtu angenipa.

Kabla ya yote: gia na breki

Usiende na gia za tambarare. Mbele meno 34, nyuma gia kubwa kabisa iwe na meno 32 au 34. Ukikodi, ulizia hilo kabla hujalipa. Jambo la pili ni breki, na halisemwi sana. Kwenye baiskeli nyingi za kwetu mkono wa kulia ndio unaokamata gurudumu la mbele. Ufaransa ni kinyume: breki ya mbele iko kushoto. Tena wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Zunguka mtaani nusu saa mpaka mikono ikubali, maana huko kwenye mteremko wa kilomita 30 kwa saa, au zaidi, si mahali pa kujifunza.

Siku ya kwanza: Col d'Ornon

"Col" ni pale barabara inapovuka mgongo wa mlima. Ornon iko chini kidogo ya mita 1,400. Unaanzia La Paute, kitongoji karibu na mji, unapanda kilomita kama 11, magari ni machache, mwinuko hauna hila. Panda, shuka, kula, lala.

Siku ya pili: Croix de Fer

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na kama una siku moja tu ningekupeleka huku. Kutoka mjini unafuata bonde hadi Allemond, unapita ziwa la Verney, halafu kilomita karibu 30 za kupanda hadi mita 2,067. Hila yake ni hii: baada ya kijiji cha Le Rivier barabara inateremka hadi mtoni, unafurahi, kisha inainuka ghafla kwa zaidi ya asilimia 10. Wanaokanyaga kwa kiburi chini hulipa hapo. Badilisha gia mapema, ukiwa bado unateremka. Juu zaidi ni bwawa la Grand'Maison, maji ya rangi ya feruzi. Karibu na kilele kuna njia panda: kushoto ni Col du Glandon, mita 1,924, hatua chache tu, na mbele kilomita mbili na nusu ndiyo Croix de Fer. Pitia zote mbili, umeshafika.

Siku ya tatu: pumzika. Sitanii. Kanyaga kidogo kwenye tambarare, unywe kahawa.

Siku ya nne: Alpe d'Huez

Kilomita 13.8, wastani wa mwinuko asilimia 8 na kitu, kona kali 21. Kona zimewekewa vibao vyenye namba zinazohesabiwa kurudi nyuma: ya kwanza utakayokutana nayo ni 21, ya mwisho juu ni 1. Kila kibao kina jina la mtu aliyeshinda siku ya Tour de France iliyoishia mlimani hapo, kuanzia Fausto Coppi mwaka 1952, siku mashindano hayo yalipofika Alpe kwa mara ya kwanza.

Ugumu hauko juu. Uko mwanzoni. Mara tu tambarare inapokwisha, mwinuko ni kama asilimia 10, yaani kila mita 100 unapanda mita 10, na hali ni hiyo hadi karibu na kijiji cha La Garde, kona ya 16. Hapo kila mtu ana nguvu, kila mtu anakimbiza, na ndipo safari inapoharibika. Kipimo changu: kama huwezi kusema sentensi nzima bila kuhema, punguza. Kwenye kona zenyewe barabara hulala kidogo. Zitumie kunywa maji. Kona ya 7, kwenye kanisa la Huez, ndiyo ya mashabiki wa Kiholanzi. Siku ya Tour hujaa nguo za rangi ya chungwa, siku nyingine ni kanisa na kimya.

Mwitaliano Marco Pantani alipanda kwa dakika 37 na ushei miaka ya tisini, enzi ambazo mambo ya dawa tunayajua. Wewe saa moja na nusu si aibu.

Na ule kabla ya njaa. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, mwaka 2013 alikuwa na jezi ya njano, ya anayeongoza Tour, wakati sukari ilipomwishia mwilini kwenye mlima huuhuu. Mwenzake Richie Porte akamfuatia chakula, wote wakaadhibiwa sekunde 20 kwa kula mahali palipokatazwa. Tour alishinda bado. Mimi na wewe hatuna Porte, kwa hiyo kitu kinywani kila nusu saa.

Usirudi kwa njia ileile. Endelea nyuma ya mji hadi Col de Sarenne, mita 1,999: barabara nyembamba, lami chakavu, kondoo, na karibu hakuna magari. Teremka polepole hadi bwawa la Chambon, kisha urudi mjini.

Siku ya sita, baada ya kupumzika tena ya tano: Galibier

Kwanza Lautaret, mita 2,058, kilomita 39 hivi za kupanda kwa upole ukipita La Grave, ambako barafu ya mlima Meije inakutazama usoni. Njiani kuna mahandaki, hivyo taa mbele na nyuma ni lazima hata mchana. Kutoka Lautaret zimebaki kilomita 8.5 hadi mita 2,642. Karibu na mdomo wa handaki la juu upo mnara wa Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour, aliyeipeleka huku mwaka 1911. Kilele huwa baridi kuliko mjini kwa nyuzi 12 hivi, basi koti mfukoni. Na uanze alfajiri: mchana hewa ya bondeni hupata joto na kupanda, kama upepo wa bahari unavyoingia pwani, na utakupiga kifuani ukirudi.

Maswali yenu

*Kaka, gia yangu ya nyuma mwisho meno 25. Nikomae nayo? (Arusha)*
Usikomae, mdogo wangu. Kubadilisha gia ni rahisi kuliko kubadilisha goti.

*Sisi wa Eldoret tutasumbuliwa na hewa nyepesi?*
Kilele cha Alpe ni mita 1,850. Nyinyi mnalala juu zaidi ya hapo! Galibier tu ndiyo inayowazidi. Kitakachowasumbua ni mwinuko, kwa hiyo fanyeni mazoezi ya kutoka bonde la Kerio hadi Iten kupitia Tambach.

*Na sisi wa Tanga?*
Mombo hadi Lushoto. Mnapanda mita 1,000 hivi kwa kilomita 33. Alpe inapanda zaidi kidogo ya hapo kwa chini ya nusu ya umbali huo, basi pandeni Soni mara mbili siku moja muone.

*Shikamoo kaka. Niko Muscat, nataka kuja peke yangu. Mwezi gani, na ni salama? *
Marahaba dada. Katikati ya Juni hadi Septemba. Kabla ya hapo Galibier inaweza kuwa bado imefungwa kwa theluji. Utakutana na waendesha baiskeli kila kona, hutakuwa peke yako. Ulizia ofisi ya utalii mjini, kuna asubuhi za kiangazi wanazofunga baadhi ya barabara kwa magari. Maji ni ya bure kwenye mabomba ya vijijini, ila ukiona kibao "non potable", usinywe.

*Nina miaka 61. Baiskeli ya umeme ni kudanganya?*
Mzee wangu, shikamoo. Wapo watakaonung'unika. Watakuwa nyuma yako. Chaji tu betri ijae usiku, na kwenye Galibier usitumie nguvu ya juu kabisa kabla ya Lautaret.