Namna ya Kuandaa Miswada ya Fidla ya Uskoti kwa Uchapishaji

Mswada wa fidla wa karne ya 18 kutoka Uskoti haukuandikwa kwa ajili ya mgeni. Mnakili aliweka kwenye karatasi yale tu ambayo mkono wa mpigaji ulihitaji kukumbushwa, na mengine akayaachia masikio ya watu waliokuwa wakicheza rili zile, yaani dansi za kasi za Uskoti, kila majira ya baridi. Kazi ya mhariri ni kumfikishia mpigaji wa leo, aliye mbali na kumbi zile, maandishi anayoweza kuyatumia, bila kuweka sikio lake mwenyewe mahali pa sikio la mnakili. Kwa sababu hiyo, kanuni yangu ya kwanza ni kwamba hakuna nota inayosahihishwa kabla ya kupigwa kwenye fidla.

Kabla ya kushika kalamu, ulizia haki za uchapishaji. Wengi hudhani kwamba maandishi yenye umri wa karne mbili hayana mwenyewe, lakini kwa sheria ya Uingereza kazi ya muziki ambayo haikuchapishwa wala kupigwa hadharani katika uhai wa mtunzi wake inaweza kuendelea kulindwa hadi mwisho wa mwaka 2039. Aidha, maktaba inayohifadhi mswada huwa na masharti yake kuhusu picha. Andika barua mapema, na uhifadhi majibu.

Omba picha za rangi zilizo kubwa, kisha, ikiwezekana, nenda ukauone mswada wenyewe. Wino wa enzi hizo hupenya karatasi, hivyo nukta unayoiona kando ya nota huenda ikawa kivuli cha nota iliyo upande wa pili wa ukurasa, au doa la unyevu. Geuza karatasi na upime mahali pake. Nukta moja huongeza nusu ya urefu wa nota, kwa hiyo dakika mbili za kugeuza karatasi si za kuzionea uvivu.

Nakala yako ya kwanza iwe mwaminifu kupita kiasi: makosa yaandikwe kama yalivyo, vipimo (sehemu za muziki kati ya mistari wima) visivyotimia vibaki hivyo, na maneno yaliyokatwa yaonyeshwe. Programu ya bure ya kuandikia nota kama MuseScore inatosha kabisa. Hifadhi nakala hiyo peke yake, na marekebisho yote uyafanye kwenye nakala ya pili.

Kosa linalowanasa wahariri wengi linatokana na ukazaji wa nyuzi. Fidla, hii hii inayopigwa katika taarabu ya Unguja, kwa kawaida ya Ulaya hukazwa G, D, A na E kuanzia uzi mnene. Wapiga fidla wa Uskoti, kwa baadhi ya tuni za A, walipandisha nyuzi mbili za chini kwa sauti moja nzima ili ziwe A na E, na mbao yote ikavuma pamoja. Mnakili, hata hivyo, hakuandika sauti itakayosikika, bali mahali pa kuweka kidole, kana kwamba nyuzi hazijaguswa. Tuseme kipimo cha mwisho kina A ya uzi mtupu wa pili kutoka juu, ikifuatwa na G ya chini kabisa. Kwenye karatasi mruko huo ni wa ajabu, na mhariri mwenye haraka ataifuta G na kuandika A. Lakini kaza nyuzi inavyotakiwa: G iliyoandikwa ni uzi mtupu wa chini, nao sasa unatoa A, oktavu kamili chini ya ile ya kwanza. A ya yule mhariri ingetoa B, na tuni ingeishia pasipo kufika nyumbani. Tafuta nota nne zilizopangwa wima mwanzoni mwa tuni, kwani ndizo zinazoonyesha ukazaji. Zikikosekana, G nyingi za chini ndani ya tuni ya A ni dalili tosha ya kukufanya ujaribu. Katika chapa, weka mstari wa vidole kama ulivyo, na chini yake mstari mdogo wa sauti halisi.

Jambo la pili linalofanana na hilo ni alama za ufunguo, zile shapu (alama za kupandisha nota kwa nusu sauti) zinazowekwa mwanzoni mwa mstari. Tuni iliyotulia kwenye A lakini yenye shapu mbili tu haijasahau ya tatu. Tuni nyingi za Uskoti hutumia G isiyopandishwa, kama ilivyo katika zumari la mfuko la Nyanda za Juu za Uskoti, ambalo lina nota tisa tu. Kuongeza shapu ya tatu kwa nia njema ni kuifanya tuni ya watu wengine.

Mapigo yana makosa ya kweli, na hapa unaruhusiwa ujasiri zaidi. Katika tuni za Strathspey, aina ya dansi ya Uskoti, nota fupi hutangulia ndefu kwa mkato mkali, na mnakili aliyeandika haraka huweka nukta kwenye nota ndefu kisha akasahau kuchora mkia wa pili kwenye fupi. Kipimo kikizidi kwa robo ya pigo, mkia uliosahaulika ndio wa kutafutwa kwanza. Matao ya upinde, yaani mistari iliyopinda inayounganisha nota za mvuto mmoja wa upinde, ni magumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi haieleweki tao linaanzia nota ipi. Ukichagua, onyesha tao lako kwa mstari wa vitone ili msomaji ajue kwamba ni lako.

Majina yachapishwe kwa tahajia ya mnakili, hata ya Kigaeli yaliyoandikwa kwa kusikia, na tahajia ya leo iwekwe kwenye faharasa. Utunzi unahitaji tahadhari zaidi. Linganisha na vitabu vya wakati ule, kuanzia mfululizo wa mchapishaji Robert Bremner ulioanza kutoka mwaka 1757. Akina Gow, familia ya wapiga fidla na wachapishaji, walichapisha tuni za mtunzi William Marshall bila kumtaja, nyingine kwa majina tofauti, kwa hiyo jina lililo juu ya ukurasa si ushahidi wa kutosha wa nani alitunga. Jina la mnakili nalo lihifadhiwe: David Young, aliyeandika mkusanyo wa Duke wa Perth mwaka 1734 na ule wa Walter MacFarlan uliopo Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, anastahili kutajwa kila kazi yake inapochapishwa.

Kila badiliko liwe na maelezo mafupi mwishoni mwa kitabu: namba ya tuni, kipimo, kilichoandikwa, ulichochapisha. Halafu mpe kurasa za majaribio mpiga fidla ambaye hajauona mswada, umsikilize bila kumwambia lolote. Mahali atakaposita, weka alama kwa penseli, na jioni hiyo hiyo urudi kwenye picha ya kipimo hicho.