Jinsi ya kujua nani alimrithi Tutankhamun

Wengi wakitaka kujua farao gani alimfuata nani wanakimbilia ile orodha ya majina 76 iliyochongwa kwenye hekalu la Seti wa Kwanza pale Abydos, mji wa kale wa Misri. Kwa Tutankhamun, yule farao wa Misri ya kale, ukianzia hapo umeshapotea maana hayumo, orodha inaruka toka Amenhotep wa Tatu mpaka Horemheb. Iweke kando kwanza.

Anza na miaka. Wamisri hawakuhesabu miaka mfululizo kama sisi, farao mpya akikalia kiti wanaanza tena mwaka wa 1, kwa hiyo we tafuta namba kubwa yenye uhusiano naye. Kaburini mwake kulikuwa na mitungi ya divai imeandikwa mwaka, wa 4, wa 5, wa 9, ndo maana tunasema alitawala kama miaka 9 au 10 hivi, akafa karibu na 1323 KK akiwa bado kijana mdogo. Kuna mtungi mmoja una mwaka wa 31, huo usikuchanganye, ni wa zamani kabla yake.

Afu cheki watoto. Mle kaburini kulikutwa mimba mbili zilizoharibika, zimekaushwa na kuwekwa kila moja kwenye jeneza lake dogo. Mimi hapo huwa naumia sana. Basi mtoto wa kurithi hakuna.

Sasa hapa ndo penyewe: angalia nani kamzika. Kwao anayemfanyia marehemu ibada ya kufungua kinywa, ya kumrudishia uwezo wa kula na kusema huko ahera, anasimama kama mungu Horus anayemzika baba yake, mungu Osiris, yaani mrithi ni yeye. Tazama ukuta wa kaskazini wa chumba cha jeneza, kuna mtu kavaa ngozi ya chui na kichwani taji la buluu, jina lake limeandikwa palepale, Ay, mzee wa ikulu, kashavaa taji na mazishi bado hayajaisha!

Kisha tafuta jina lililochongwa juu ya jina. Ay alikaa kama miaka 4 tu akaja Horemheb, jenerali asiye na damu ya kifalme, na lile jiwe la maandishi la hekalu la Karnak ambalo Tutankhamun anaeleza alivyorudisha ibada za miungu, ukisoma ndani ya vile viduara vya jina la mfalme unakuta Horemheb. Hata kaburi Horemheb alilojichimbia Saqqara, eneo la makaburi ya kale, enzi za ujenerali, picha zake ziliongezewa baadaye nyoka kwenye paji la uso, alama ya ufalme. Ukishayaona hayo rudi Abydos, utajua kwa nini pale baada ya Amenhotep wa Tatu anatajwa Horemheb.