Vidonge vya madini joto: jinsi ninavyoviweka, na lini vitamezwa

Nakaa Ajax, Ontario, mashariki ya Toronto. Kinu cha nyuklia cha Pickering kipo ukingoni mwa ziwa, kama dakika kumi kwa gari kutoka kwangu. Mwaka 2015 nyumba zote zilizo ndani ya kilomita 10 kutoka kinuni zililetewa pakiti ya vidonge vya madini joto, yaani iodini. Yangu niliitupia kwenye droo, pamoja na betri na mishumaa ya keki, nikaisahau.

Tarehe 12 Januari 2020, siku ya Jumapili, nilikuwa ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Saa 1:23 asubuhi simu ikalia mlio ule wa kutisha: kuna tukio kinuni. Nikaanza kupekua droo huku koti liko mwilini. Kabla sijaiona pakiti, jirani yangu Mkenya akapiga: "Dada, mimi nishameza viwili."

Nikamuuliza kama ameusoma ujumbe wote. Hakuwa ameusoma. Ujumbe wenyewe ulisema hakuna mionzi iliyovuja, na watu wasichukue hatua yoyote. Saa tatu na kitu ukaja mwingine: ule wa kwanza ulitumwa kwa makosa. Jirani hakupata madhara, alibaki tu na ladha ya chuma mdomoni na aibu. Lakini hapo ndipo nilipojua kwamba kuwa na dawa na kujua kuitumia ni mambo mawili. Nadhani wengi walistuka kama mimi, maana ndani ya siku mbili maombi ya vidonge yalizidi 32,000.

Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Makete, Tanzania, baridi ikamkuta. Akaniuliza hiyo dawa inafanya nini. Nikamwambia tezi ya thairoidi, hii ya shingoni, ni kihenge. Hula madini joto na kuyaweka akiba, ila haiwezi kutofautisha yaliyo salama na yenye mionzi. Kinu kikipasuka, hewani hutoka iodini yenye mionzi. Ukiivuta, au ukinywa maziwa ya ng'ombe aliyekula majani yaliyoangukiwa nayo, inakwenda moja kwa moja shingoni na kuchoma kutokea ndani. Kidonge hukijaza kihenge kwanza, ili ile mbaya ikija ikose pa kukaa itoke na mkojo.

Kazi yake ni hiyo tu. Hakizuii mionzi mingine, kama ya seziamu au strontiamu, ambazo nazo hutoka kinuni, na hakilindi mapafu, mifupa wala damu. Aliyetolewa tezi yote hana haja nacho. Ukiambiwa ujifungie ndani au uhame, fanya hivyo. Kidonge hakichukui nafasi ya mlango uliofungwa.

Saa ndiyo inayowaponza wengi. Kidonge hufaa zaidi kikimezwa ndani ya saa 24 kabla ya mionzi kufika, au saa mbili za mwanzo baada ya kufika. Mpaka muda wa saa nane tangu ifike bado kinasaidia. Zikipita saa 24 tangu uivute, kumeza kunaweza kuleta hasara kuliko faida. Dozi moja hulinda kama siku nzima. Ndiyo maana ukimeza mapema kwa woga, kama jirani yangu, kinga inaweza kuisha kabla wingu halijafika. Subiri mamlaka za afya zitamke: mezeni sasa. Kusubiri huko ndiko kugumu kuliko yote, nakiri.

Sasa vipimo. Soma kibandiko kwanza, kwa sababu kuna vidonge vya miligramu 65 na vya 130. Vyangu ni vya 65 za potasiamu iodaidi, ndiyo dawa yenyewe iliyobeba madini joto, kwa hiyo mtu mzima na mtoto aliyezidi miaka 12 humeza viwili. Wa miaka 3 hadi 12, kimoja. Wa mwezi mmoja hadi miaka 3, nusu. Kichanga chini ya mwezi, robo. Kuongeza dozi hakuongezi kinga.

Robo ya kidonge haikatiki vizuri kwa kisu, nimejaribu. Njia ni hii: saga kidonge kimoja cha 65 katikati ya vijiko viwili mpaka kiwe unga, mimina vijiko vinne vya chai vya maji, koroga mpaka chembe zote ziishe. Ongeza vijiko vinne vingine vya kinywaji anachokipenda mtoto. Sasa una vijiko vinane: kichanga apewe viwili, wa chini ya miaka mitatu vinne, wa miaka 3 hadi 12 avinywe vyote. Nilifanya mazoezi kwa kidonge kilichopitwa na tarehe, nikaonja kwa ncha ya kidole: chumvi chungu, kama kulamba sarafu. Maziwa ya chokoleti yanaifunika ladha hiyo. Maji matupu mtoto atayatema. Kichanga mchanganyie kwenye maziwa yake ya kawaida.

Mama mjamzito humeza dozi ya mtu mzima, na anayenyonyesha vilevile, lakini mtoto wake naye apewe yake, asitegemee ile ya kwenye maziwa ya mama. Hawa na vichanga hawarudii dozi ila kwa amri ya daktari, na kichanga aliyepewa apimwe tezi baadaye. Watoto na mama hawa ndio wa kwanza kwenye foleni. Sisi tuliozidi miaka 40 tuko mwisho, kwa sababu hatari ya saratani ya tezi kwetu ni ndogo na madhara ya dawa ni makubwa kidogo.

Umuhimu wa kuwatanguliza watoto ulionekana kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, Aprili 1986. Watoto wa Belarus na Ukraine waliendelea kunywa maziwa, na maelfu wakaja kupata saratani ya tezi. Wengi waliishi sehemu zenye upungufu wa madini joto, na tezi yenye njaa hunyakua zaidi. Poland siku chache tu baadaye iliwanywesha iodini watoto zaidi ya milioni 10.

Kuna waliouliza kama chumvi yenye madini joto inatosha badala ya kidonge. Dozi ya mtu mzima, miligramu 130 za potasiamu iodaidi, ina miligramu 100 za madini joto ndani yake. Kilo ya chumvi ya dukani ina kama 30. Ungekula zaidi ya kilo tatu, na chumvi ingekuua kabla ya mionzi. Iodini ya kupaka vidonda nayo isinywewe, ni sumu.

Ndugu mlioko Tanzania au Kenya, hakuna kinu cha umeme wa nyuklia jirani yenu, msinunue. Walioko Ubelgiji huvipata bure kwenye maduka ya dawa. Ontario, mkazi wa ndani ya kilomita 50 huagiza bila malipo.

Nimemwacha mama mwisho makusudi. Ana rovu la tangu ujana, enzi ambazo chumvi ya kwetu haikutiwa madini joto, na moyo wake hupiga ovyo ovyo. Rovu la vinundu likipewa iodini nyingi kwa ghafla, tezi inaweza kufanya kazi kupita kiasi na kuukimbiza moyo. Wenye mzio wa iodini yenyewe nao wasiguse bila daktari. Daktari wetu alimpapasa shingo, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akasema: huyu akiambiwa ahame, awe wa kwanza kupanda gari, kidonge msimpe.

Pakiti sasa iko kabati la juu, pakavu, mbali na watoto, na tarehe ya kuisha nimeiandika nje kwa kalamu nene. Chini yake kuna majina: Baba 2. Mimi 2. Neema 1. Mdogo wake nusu. Mama: GARI.