Somo: Kugeuza mafuta ya kukaangia kuwa baiodizeli, na kuitia katika injini

Injini ya dizeli haikuanza jana kuchoma mafuta ya mimea: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hii ilizungushwa kwa mafuta ya njugu. Kinachotuponza ni kudhani kwamba, maadamu injini inawaka, mafuta yoyote yanafaa. Mafuta ya kupikia ni mazito mno. Nozeli hushindwa kuyanyunyiza vizuri, na yale yasiyoungua huacha masizi na kunatisha ringi za pistoni. Kwa hiyo tunayabadilisha kwa methanoli, aina ya alkoholi, na kostiki soda ya kuchochea mabadiliko hayo, mpaka yawe mepesi; mafuta hayo mepesi ndiyo baiodizeli. Maji na asidi ndivyo viharibuvyo kazi hii, na ndiyo maana nimevieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Kukausha. Mombasa hatukosi malighafi, kwani wauzaji wa viazi karai, bhajia na samaki hubakiwa na mafuta kila siku. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaache yatuame usiku kucha, kisha uchote ya juu tu. Yapashe moto hadi yapite nyuzi 100 na udondoshe tone moja katika kikaango cha moto. Likitoa mlio na kurukaruka, maji bado yamo, nawe huna ruhusa ya kuendelea.

Hatua ya 2: Kupima asidi. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi huwa na asidi inayomeza kostiki soda na kuigeuza sabuni. Yeyusha gramu 1 ya kostiki soda katika lita 1 ya maji safi yaliyotoneshwa. Kando, changanya mililita 1 ya mafuta na mililita 10 za alkoholi ya isopropili, tia matone machache ya finofthalini (dawa inayobadilika rangi asidi inapokwisha), halafu ongeza yale maji ya kostiki soda kwa sindano, kidogo kidogo, mpaka rangi ya waridi itokee na idumu kwa muda. Kila mililita iliyotumika ni gramu 1 ya kuongeza juu ya gramu 3.5 zinazohitajika kwa lita moja ya mafuta mapya. Zikipita mililita 5 au 6, mimi huona ni afadhali kuyaacha mafuta hayo.

Hatua ya 3: Kuchanganya. Kwa kila lita ya mafuta, yeyusha kostiki soda uliyoipima katika mililita 200 za methanoli, ndani ya chombo cha plastiki nzito chenye kifuniko. Usitumie sufuria ya alumini, kwa kuwa kostiki soda huila. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, nayo hupenya ngozi. Mwali wake hauonekani vizuri mchana. Fanyia kazi hii nje, kwa glavu na miwani, mbali na jiko la makaa. Mimina mchanganyiko huo katika mafuta yenye nyuzi 55, kisha koroga kwa saa moja bila kuzidisha joto, kwa maana methanoli huchemka karibu nyuzi 65.

Hatua ya 4: Kutenga na kuosha. Baada ya usiku mmoja, gliserini nyeusi, yaani kimiminika kizito kinachojitenga na baiodizeli, itakuwa imezama chini, ifungulie itoke. Kisha jaza chupa nusu baiodizeli na nusu maji, uitikise kwa nguvu. Vikitengana wazi ndani ya nusu saa, umefaulu. Pakibaki utando mzito mweupe kama tui, bado kuna sabuni au mafuta ambayo hayajageuka. Osha kwa maji ya vuguvugu mpaka maji yatoke safi, halafu ikaushe tena hadi ing'ae.

Hatua ya 5: Kutia katika injini. Anza na sehemu 5 kwa 100, ukipanda hadi 20, na iliyobaki iwe dizeli ya kawaida. Usiihifadhi zaidi ya miezi sita.

Maswali ya wanachama

Maalim, nina mashua Likoni. Je, mafuta ya nazi hayafai kutiwa moja kwa moja?
Hayafai, ndugu yangu. Huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai hapa kwetu hushuka chini ya hapo, kwa hiyo yataziba mabomba. Yakigeuzwa baiodizeli, tatizo hilo huondoka.

Filta yangu iliziba mara tu nilipoanza kutumia. Ni mafuta mabaya?
Huenda si mabaya. Baiodizeli huyeyusha uchafu wa dizeli ulioganda tangini kwa miaka mingi na kuupeleka katika filta. Badilisha filta, uwe na nyingine ya akiba, na ukague mabomba ya mpira wa kizamani, kwani huvimba na kulainika.

Lori langu hupanda hadi Timboroa, kwenye nyanda za juu. Itahimili baridi?
Mafuta mengi ya kupikia huku ni ya mawese, na baiodizeli yake huanza kufanya ukungu karibu nyuzi 15. Usizidishe 20 kwa 100, na safari za kulala bara utie dizeli tupu.

Na gari jipya lenye pampu ya shinikizo kubwa?
Usilitie ya kujitengenezea. Nozeli zake zina matundu membamba mno, na sabuni kidogo tu iliyobaki yaweza kuziharibu. Anza na injini ya zamani ya jenereta au ya mashua.